Utoe kiasi gani? Namna ya kupanga fungu lako la kusaidia wengine

Anayesubiri kuombwa ndipo aamue atoe kiasi gani huumia pande zote: leo anatoa kupita uwezo wake kwa kuona haya, wiki ijayo anamnyima mwenye shida kubwa zaidi kwa sababu mfuko umekauka. Kiwango kipangwe mapema, ukiwa umetulia na kalamu mkononi.

Anza na kipato cha mkononi, yaani kinachobaki baada ya kodi na makato. Ondoa pango, chakula, usafiri, ada, matibabu na marejesho ya mkopo. Wazazi na watoto unaowatunza waingie humo humo kwenye mahitaji, maana kuwalisha ni wajibu uliokuwapo tayari. Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, inatofautisha hivyo hivyo: zaka, sadaka ya lazima kwa Muislamu, hawapewi wazazi wala watoto wako, lakini ndugu yako fukara usiyewajibika kumtunza anaweza kupewa. Kinachobaki ndiyo ziada, na hapo ndipo pa kutolea.

Chukua watu wawili. Wa kwanza anapata 900,000 kwa mwezi, mahitaji yanakula 700,000, anabakiwa na 200,000. Wa pili anapata 3,000,000, anatumia 1,200,000, anabakiwa na 1,800,000. Wakiambiwa wote watoe asilimia 10 ya pato, wa kwanza atatoa 90,000, karibu nusu ya ziada yake. Wa pili atatoa 300,000, sehemu moja tu ya sita. Ndiyo maana tunapendekeza asilimia ihesabiwe kwenye ziada: 10 kwa anayeanza, 20 kwenda juu kwa mwenye nafasi. Wa kwanza atoe 20,000, wa pili asishuke chini ya 360,000. Aliyejifunga kwa imani yake kutoa fungu la kumi la pato lote, afuate hilo na apange mahitaji yake kulizunguka.

Mwenye deni la riba kubwa, au asiye na akiba ya miezi 3 ya mahitaji, atoe kidogo tu, hata asilimia 1 ya ziada, na nyingine izibe pengo kwanza. Akijikausha, mwezi ujao atachangiwa yeye.

Zaka ina hesabu yake, na wengi hukosea kwa kuipiga kwenye mshahara. Msingi wake ni mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, thamani ya takriban gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, na ikatimiza mwaka. Jumlisha pesa taslimu, zilizo benki, dhahabu ya akiba na bidhaa za kuuza. Ondoa madeni unayodaiwa yaliyofika muda wa kulipwa. Kisha chukua asilimia 2.5. Nyumba unayoishi, gari unalotumia na rafu za duka havihesabiwi, ila shehena iliyo juu ya rafu huhesabiwa. Mwaka wenyewe ni wa mwezi mwandamo, mfupi kwa siku kama 11, hivyo anayefunga hesabu kwa kalenda ya kawaida hutumia asilimia 2.577.

Je, kuna kikomo cha juu? Mwanafalsafa Peter Singer alidai mwaka 1972 kwamba ukiweza kuzuia baya kubwa bila kupoteza kitu cha uzito ule ule, unawajibika kulizuia. Hoja hiyo ni nzito na hatuoni namna ya kuikwepa kirahisi, ila ikifuatwa hadi mwisho haina pa kukomea, na watu wengi huchoka wakaacha kabisa. Afadhali kiwango unachoweza kukishika miaka 20, ukikipandisha kila kipato kinapoongezeka. Usipokipandisha mwezi ule ule wa nyongeza, matumizi yataimeza.

Fungu likishapatikana, litenge siku ya mshahara, kwenye akaunti ya pembeni. Sehemu 4 kati ya 5 zipeleke kwenye taasisi mbili au tatu ulizozichunguza, kila mwezi. Ukizigawa kwa taasisi kumi, ada za kutuma zitazipunguza, na hutaweza kufuatilia hata moja. Taasisi yenye uhakika wa mchango wa kila mwezi huweza kuajiri na kununua vifaa mapema. Sehemu ya 5 ibaki kwa wanaobisha hodi. Ikiisha, mwambie anayeomba kwa upole kwamba fungu la mwezi huu limekwisha, na kama shida yake inaweza kungoja, mwandike awe wa kwanza mwezi ujao.