Michembe na matobolwa: kuanika viazi vya kipupwe juu ya majabali ya Mwanza

Masika yakikatika na asubuhi za Juni zikianza kudai sweta, viazi vitamu huingia masokoni Igoma na Buhongwa kwa magunia. Huo ndio wakati wa kuanika. Kipupwe cha kwetu kandokando ya ziwa kina baridi ya usiku na alfajiri tu. Mchana jua linawaka, hewa ni kavu na upepo haukosekani. Ukingoja hadi Septemba, ardhi imeshapasuka na fukusi wa viazi amepita kwenye nyufa hadi ndani ya kiazi, na mawingu ya vuli yako karibu.

Wasukuma hutunza viazi kwa njia mbili. Michembe ni viazi vibichi vilivyonyaushwa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Michembe hupikwa, matobolwa mtu huyatafuna hivyo hivyo na chai. Debe moja la kilo 20 ukishalimenya na kulikausha linakupa kama kilo 5, kwa hiyo usishangae rundo likiyeyuka juu ya jabali. Kama ni mara yako ya kwanza, anza na debe mbili, moja kwa kila aina.

Chagua viazi vyenye nyama nyeupe au ya njano hafifu, vizito mkononi, visivyo na maji mengi. Kata kimoja hapo hapo sokoni: kikitoa utomvu mweupe na unga ukabaki kwenye kisu, kinafaa. Chenye vitundu vyeusi kiache. Kiazi kilichoguswa na fukusi huwa kichungu, na uchungu huo hauishi kwa kuchemsha wala kwa jua; kipande kimoja chaweza kuharibu sufuria nzima. Vyenye ukungu usiwape hata ng'ombe, vinaweza kuwaua.

Kwa michembe, usikate siku hiyo hiyo. Tandaza viazi na maganda yake chini ya kivuli penye upepo, siku mbili hadi tatu, mpaka kiazi kikibonyezwa kinakubali kidogo kama ngozi. Kibichi kabisa hukatika vipande vipande chini ya kisu na utomvu wake hunata vidoleni, lakini kilichonyauka hukatwa laini na huwa kitamu zaidi. Nyumba nyingine humenya kwanza ndipo zikanyausha. Vinanyauka upesi zaidi, ila vumbi na nzi navyo vinapata nafasi.

Kisha menya, suuza mara moja, futa maji, kata. Kazi yote ya michembe iko hapa. Unene uwe nusu sentimita, na muhimu kuliko wembamba ni usawa: vipande vyote vilingane. Kipande kinene hukauka ganda la nje na kufungia unyevu katikati. Ukikiangalia kinaonekana tayari, ukikitia guniani baada ya wiki mbili kina ukungu, na kimewaambukiza wenzake. Kisu kiwe kikali na kisiwe na kutu, maana kutu huacha madoa meusi. Kata kiasi unachoweza kutandaza ndani ya saa moja. Vipande vilivyokaa kwenye beseni hugeuka rangi na kuanza kuchacha.

Mwanza imejaliwa majabali, na hakuna kitanda cha kuanikia kinachoyashinda. Jiwe hupata joto kutoka juu na kulirudisha kutoka chini, kwa hiyo kipande kinakaushwa pande zote mbili. Fagia jabali siku moja kabla, limwagie maji, liache likauke. Kama huna jabali, tandika turubai safi au mkeka juu ya kichanja, usianike juu ya udongo mtupu. Panga vipande kimoja kimoja, visilaliane. Vilivyolaliana vinagandana na pale vilipogusana hubaki vibichi. Usianike karibu na dagaa wa jirani pia: michembe hunyonya harufu, na nzi wanaofuata dagaa watahamia kwako. Mweke mtoto wa kufukuza kuku na mbuzi.

Anika umande ukishakauka, yapata saa tatu asubuhi. Geuza saa saba mchana. Anua saa kumi na moja jioni, vipande vikiwa bado na joto, uvifunike ndani. Ukiviacha nje usiku wa kipupwe, umande unarudisha maji yote uliyoyatoa kutwa, na siku ya pili unaanza upya. Wengi wanaolalamika kwamba michembe yao ni myeusi na inanuka, kosa lao ni umande. Kwa jua zuri, siku tatu hadi tano zinatosha. Vunja kipande: kikilia ka! na ndani pakawa peupe pakavu, tayari. Kikipinda, kirudishe juani.

Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vina sheria yake. Rangi ile ndiyo chanzo cha vitamini A, na jua la moja kwa moja huipunguza. Vianike kivulini penye upepo mkali, au vifunike kwa khanga nyepesi. Vitachelewa siku moja au mbili, na havidhuriki.

Kwa matobolwa, osha viazi vizuri na uvichemshe na maganda yake. Maji yafike nusu ya viazi tu, funika kwa majani ya mgomba, kisha mfuniko. Dakika 30 hadi 40, kutegemea ukubwa. Epua kisu kikipenya kwa shida kidogo katikati, maana kilichoiva mpaka kikapasuka hakikatiki, kinakuwa uji. Viache vipoe usiku kucha. Usijaribu kukata vya moto, vinanata kisuni. Asubuhi menya, kata vipande vya sentimita moja, anika siku tano hadi saba. Tobolwa lililokauka ni gumu, la rangi ya asali iliyokolea, na likiinuliwa kwenye mwanga hupenyeza mwanga kidogo. Wazee wenye meno machache huliloweka kwenye chai.

Kabla ya kuhifadhi, acha vipoe kabisa. Vikitiwa guniani vya moto hutoa jasho, na jasho huzaa ukungu. Tumia gunia la katani au chungu kikubwa chenye mfuniko, juu ya mbao, mbali na ukuta. Kila mwezi vimwage juani siku moja na upepete. Ukikuta unga mweupe chini ya gunia, dumuzi ameingia: pepeta, anika siku mbili, na gunia hilo ndilo uanze kulila. Dawa ya unga inayotiwa kwenye mahindi usiitie hapa.

Sasa jioni ya baridi. Kwa watu sita, chukua vikombe 5 vya michembe, suuza mara mbili, loweka kwa maji ya uvuguvugu nusu saa. Bandika kwa lita moja na nusu ya maji na chumvi kijiko kimoja cha chai, chemsha dakika 45 hadi iwe laini. Koroga kikombe kimoja cha karanga zilizotwangwa kwenye maji baridi, mimina, punguza moto, endelea kugeuza kwa mwiko dakika 15. Karanga zikitiwa mapema huzama na kuungua chini, na moshi ule hautoki chakulani. Mchuzi uwe mzito wa kushika kijiko. Mezani iwepo na maziwa mgando.

Ukiepua, mkaa uliobaki unatosha kuchemsha maji ya kuogea watoto. Ubandikie nje au jikoni penye dirisha wazi. Usiingize jiko hilo chumbani kuota moto wakati wa kulala, hata kama linaonekana limezimika, kwa sababu hewa ya mkaa haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Ongeza blanketi, jiko libaki nje mpaka asubuhi.