Kuishi na pumu ya ngozi Moshi na Arusha: mlo, mafuta na dawa za asili

Pumu ya ngozi (ekzema) haina dawa ya kuimaliza kabisa, lakini inaweza kutulizwa kiasi cha mgonjwa kulala usiku kucha bila kujikuna. Nimeishi nayo tangu utotoni, na ninawaandikia hasa wazazi wenye watoto wanaojikuna hadi damu, kwa sababu nimeona jinsi mtu anavyopoteza miaka akihama kutoka kwa mganga huyu kwenda kwa yule, akiacha chakula hiki na kile, huku ngozi yenyewe ikibaki kavu.

Kwanza hakikisha kwamba ugonjwa ndio huo. Nyumba nzima ikiwashwa, hasa usiku, huenda ni upele wa kuambukizana (skabi), ambao hutibiwa kwa familia yote kwa pamoja. Duara lenye ukingo ulioinuka huenda likawa fangasi. Pumu ya ngozi hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na katika ngozi nyeusi mara nyingi haionekani nyekundu kama picha nyingi zinavyoonyesha, bali huwa ya kijivu, ya zambarau au nyeusi kuliko sehemu nyingine, yenye vipele vidogo na ugumu wa kushikika kwa vidole. Sisi wa kaskazini tuna bahati, kwa kuwa hapo hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kipo tangu 1992 kituo cha kikanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Nenda ukaonwe mara moja kabla ya kuanza majaribio yoyote ya jikoni.

Kabla ya chakula, shughulikia mafuta. Ngozi yenye pumu hupoteza maji haraka na kuruhusu vichokozi kupenya, na baridi ya Juni hadi Agosti huzidisha hali hiyo, hasa Arusha, ambako mji uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na kila mtu anatamani kuoga maji ya moto sana. Oga kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, tumia sabuni isiyo na manukato, jikaushe kwa kugusagusa taulo bila kusugua, kisha ndani ya dakika chache, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta mazito ya mgando. Mtu mzima ambaye ugonjwa umemwenea mwilini anaweza kuhitaji gramu 250 hadi 500 kwa wiki, kiasi ambacho huwashangaza waliozoea kopo dogo la kukaa miezi mitatu. Sweta la sufu lisiguse ngozi moja kwa moja; tanguliza fulana ya pamba, na nguo za mitumba zifuliwe na kusuuzwa vizuri kabla ya kuvaliwa.

Ukitaka mafuta ya mimea, mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila moto yana ushahidi mzuri wa kulainisha ngozi na kupunguza bakteria juu yake, na ya alizeti pia yanaifaa. Mafuta ya zeituni, ambayo wengi tunayaheshimu kwa sababu ya Maandiko, yameonekana kudhoofisha tabaka la juu la ngozi, yabaki mezani. Mtoto asipakwe mafuta ya karanga kwenye ngozi iliyochubuka, kwani mwili unaoikuta karanga kwanza kupitia ngozi unaweza kujenga mzio dhidi yake.

Sasa chakula, ambacho ndicho kinachosumbua wengi. Ni sehemu tu ya wagonjwa, wengi wao wakiwa watoto wadogo wenye ugonjwa mkali, ambao ngozi yao huchokozwa na chakula, na washukiwa wa kawaida ni mayai, maziwa ya ng'ombe, ngano, karanga, soya na samaki. Mtori, kiburu, ndizi na maharage havina sababu ya kuogopwa bila ushahidi. Weka daftari: kwa wiki mbili andika kilicholiwa, hali ya kuwashwa, hali ya hewa na mafuta yaliyotumika, bila kubadilisha chochote. Kisha ondoa chakula kimoja tu kwa wiki mbili hadi nne, halafu kirudishe na uangalie. Dalili zisiporudi, chakula hicho hakina kosa na mtoto aendelee kukila. Usimnyime mtoto maziwa au mayai kwa miezi bila mtaalamu wa lishe kukupa mbadala, maana nimeona watoto waliodhoofika kwa ajili ya vipele ambavyo havikupungua hata kidogo. Ikiwa chakula kilishawahi kumvimbisha midomo au kumbana pumzi, asirudishiwe nyumbani. Kazi hiyo ni ya hospitali. Nyanya, nanasi na machungwa mara nyingi huwasha kuzunguka mdomo kwa sababu ya asidi tu, na kupaka mafuta ya mgando mdomoni kabla ya kula husaidia.

Mwenye soriasisi, ambao ni ugonjwa mwingine wa ngozi, wenye mabaka ya magamba, atafaidika zaidi kwa kupunguza uzito uliozidi na kuacha pombe, mbege ikiwemo.

Kuhusu dawa za asili, kila kitu kipya, iwe alovera, asali au mwarobaini, kijaribiwe kwanza sehemu ndogo ya ndani ya mkono, mara mbili kwa siku kwa wiki moja. Limau likifuatwa na jua huunguza ngozi, na kitunguu saumu kibichi huacha malengelenge. Mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto kamwe, kwa kuwa yamewahi kuwatia watoto wachanga sumu. Kinachonisaidia kuliko vyote wakati wa kuwashwa ni kanga kuukuu ya pamba iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikafungwa juu ya mafuta na kufunikwa kwa nguo kavu.

Niliwahi kuuziwa krimu ya "mitishamba mitupu" iliyonisafisha kwa siku nne. Baada ya miezi ngozi ilikuwa nyembamba na yenye michirizi, na daktari akaniambia kwamba hizo ni dalili za steroidi kali, yaani dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe wa ngozi, iliyochanganywa humo. Steroidi yenyewe si adui: ile uliyoandikiwa, mstari wa krimu uliokamuliwa kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo chake cha kwanza unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, kwa siku ulizoelekezwa. Wala usiache dawa za hospitali kwa ajili ya ahadi. Mwaka 2011 maelfu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, "Babu", kwa shilingi 500, na baadhi yao waliacha dawa zilizokuwa zikiwaweka hai.

Ngozi ikianza kutoa majimaji na gaga la njano, au mgonjwa akipata homa, weka daftari kando uende hospitali. Vikitokea vidonda vidogo vya duara, vyote vya sura moja, tena vinavyouma, nenda siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda ni virusi vya hapisi (herpes), ambavyo karibu na macho vinaweza kuharibu uwezo wa kuona.