Jinsi ya kununua gitaa la semi-holo lililotumika bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Nimetoka kumsindikiza dogo mmoja ninayemfundisha kwenda kukagua gitaa la semi-holo, na maswali aliyokuwa ananiuliza njiani ndiyo yamenifanya niandike hii. Mikwaruzo, rangi na kupatana bei mnavijua, sivigusi sana. Hapa nashughulika na yale ya semi-holo hasa, maana hili gitaa lina mambo yake na ukilikagua kama unavyokagua Stratocaster, gitaa la umeme la mbao tupu lisilo na uwazi ndani, utaumia.

Hatua ya 1: hakikisha kweli ni semi-holo

Wauzaji wengi wakiona matundu mawili ya efu tu (yale yenye umbo la herufi f kwenye uso wa gitaa) wanaandika semi-holo. Sio hivyo. Semi-holo ya ukweli, mfano Gibson ES-335 iliyotoka 1958, ina gogo la mbao katikati ya tumbo, pembeni ndiyo uwazi. Epiphone Casino kwa sura unaweza kudhani ni ndugu yake wa tumbo moja lakini haina gogo, ni wazi ndani kote, na ukipandisha sauti jukwaani inaanza kupiga mlio (fidibaki) mapema zaidi. Sio gitaa baya, ila kama unapiga na bendi yenye kelele ujue unachonunua. Kucheki ni rahisi, washa tochi ya simu uchungulie kwenye tundu moja kuelekea katikati. Ukiona ukuta wa mbao umepita chini ya pikapu (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) kuelekea mkiani, hilo ni gogo. Ukiona mpaka tundu la upande wa pili, ni holo.

Hatua ya 2: picha kabla ya nauli

Omba picha ya nyuma ya kichwa, lebo ya ndani ya tundu, na freti (vyuma vya kukingama shingoni) za kwanza kwa karibu. Anayetuma picha moja ya mbele iliyopigwa gizani, mimi huwa naachana naye.

Hatua ya 3: shingo

Magitaa ya mtindo wa Gibson kichwa kimelala nyuma, kwa hiyo likianguka chali linavunjikia pale shingo inapokutana na kichwa. Pitisha ukucha taratibu nyuma yake, halafu liinamishe kwenye mwanga mpaka mng'ao wa rangi upite juu ya sehemu hiyo. Mng'ao ukikatika au ukipinda, pana ufa au pameshaungwa. Kama pameungwa vizuri na bei imeshuka sawasawa, mimi nanunua bila wasiwasi. Kama muuzaji alikuwa anaficha, naondoka.

Kisha bana uzi mnene freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, angalia uwazi kwenye freti ya 7 au 8. Unatakiwa uwe mdogo sana, kama unene wa kadi hivi. Uwazi ukiwa mkubwa, muulize kama trasi rodi, yaani chuma cha ndani ya shingo cha kuinyoosha, bado inazunguka, na azungushe yeye mwenyewe, sio wewe.

Hatua ya 4: umeme wa ndani, na hapa ndipo ukae

Kwenye Les Paul, gitaa la mbao tupu la Gibson, unafungua kifuniko cha nyuma, poti (vifaa vilivyo chini ya nobu za volyumu na toni) zote hizo hapo, unapiga solda unamaliza. Semi-holo nyingi hazina kifuniko. Poti, swichi na jeki viliingizwa kupitia tundu la efu, kwa hiyo poti moja ikifa fundi anang'oa nobu, anafungua nati zote, anafunga uzi kwenye kila shina ili apate njia ya kurudia, anavuta nyaya zote nje kupitia tundu, anabadilisha, halafu anaanza kuvirudisha kimoja kimoja na kimoja kila mara kinadondokea ndani. Nimeshamaliza mchana mzima kwa poti ambayo yenyewe bei yake ni ya kuchekesha. Unachokwepa hapa ni gharama ya kazi, kifaa chenyewe ni bei ndogo.

Kwa hiyo nenda na waya wako na ampu yako ndogo, usitegemee vya muuzaji. Weka sauti safi, hakuna distosheni, distosheni inaficha kila kitu. Swichi kwanza, sehemu zote tatu, na kama hujui pikapu ipi iko hai gonga juu yake kidogo na bisibisi, utasikia. Halafu kila nobu zungusha kutoka 0 hadi 10 polepole. Ikikwaruza kidogo ni vumbi, dawa ya kusafishia poti inaweza kuisaidia, ingawa hata hiyo dawa kuifikisha ndani ya semi-holo ni shughuli. Sauti ikikatika kabisa katikati ya mzunguko, hesabu hiyo poti imekufa.

Ila msikatae gitaa zima kwa vitu vya kawaida. Kwenye nyingi zenye volyumu mbili, swichi ikiwa katikati ukishusha volyumu moja hadi 0 sauti yote inapotea, hata ya pikapu nyingine. Ndivyo zilivyofungwa. Ukishusha volyumu na ung'avu ukapungua, nayo ni kawaida.

Jeki sasa. Chomeka waya, utikise taratibu. Ikikatika, inaweza kuwa jeki imelegea tu. Lakini angalia kama jeki yenyewe inazunguka na nati, kwa sababu ikizunguka nyaya za ndani zinajisokota mpaka solda inakatika, na mtu akiona imelegea anakimbilia koleo, anakaza nati, jeki nayo inazunguka, kwisha habari. Usikubali muuzaji akaikaze mbele yako kwa njia hiyo.

Mwisho, athi, yaani waya wa ardhi unaopunguza mvumo. Ukigusa nyuzi mvumo ukapungua, waya wa athi umefika kwenye daraja. Mvumo ukibaki palepale na ni mkubwa, kuna kitu kimekatika. Weka simu na chaja mbali kwanza, zinavuma zenyewe.

Ukiambiwa nyaya zimeshabadilishwa na kufungwa "za kisasa", uliza nani alifanya. Mimi naamini zaidi nyaya za kiwandani zilizochakaa kuliko solda ya mtu aliyejifunzia humo.

Hatua ya 5: piga bila ampu, kisha kwa sauti kubwa

Bila ampu sikiliza mtetemo, gonga tumbo kwa kifundo cha kidole pembezoni. Sauti ya kitu kilicholegea ndani ifuatilie. Kwa sauti kubwa simama mbele ya ampu uone mlio unaanzia wapi.

Hatua ya 6: angalia kama uzi ukibanwa freti ya 12 bado uko kwenye tuni, zungusha funguo za nyuzi. Basi.

Hatua ya 7: malipo na kubeba

Toa kwenye bei kila ulichokikuta, fundi wa nyaya umhesabu kwa muda wake. Kama muuzaji yuko mbali, taka video isiyokatwa ya hatua ya 4 yote, la sivyo acha. Na dai kesi ngumu, hata kama ni mbovu, kwa sababu tumbo la semi-holo lina upana wa inchi 16 hivi na mfuko laini hauwezi kukilinda kile kichwa kilicholala nyuma. Kama linasafirishwa, mwambie alegeze nyuzi kidogo na ajaze nguo chini ya shingo na pande zote za kichwa, kisicheze ndani ya kesi.