Namna ya Kupanga Ndani ya Kanisa la Kigango, Mtwara na Lindi

Kamati nyingi za ujenzi wa kanisa la kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, huanza kujadili vigae na rangi, ilhali la kwanza kuamuliwa ni mahali pa altare, meza ya kuadhimishia Misa, kwa sababu kila kitu kingine kitapimwa kutoka hapo. Katika kanisa Katoliki altare inafaa ijitenge na ukuta, ili padri aweze kuizunguka na kuadhimisha Misa akiwaelekea waumini, kama maelekezo ya Roma ya mwaka 1964 yalivyoruhusu, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiwa bado unaendelea. Kabla fundi hajamwaga zege, wekeni meza ya kawaida mahali hapo, kisha mtu aizunguke akiwa na chetezo pamoja na watumikiaji wawili. Wakibanana, sogezeni meza mbele. Kufanya hivyo leo hakugharimu chochote.

Mimbari ya kusomea Neno ikae pembeni mwa altare, imara na isiyohamishwa. Ngazi za kupandia ziwe chache na pana, maana wasomaji wengine ni wazee.

Suala la mwanga na upepo ndilo linalosahaulika zaidi, nami naliona kuwa zito kuliko mapambo yote. Jengo likilazwa mashariki hadi magharibi, kuta zake ndefu hutazama kaskazini na kusini, hivyo jua kali la asubuhi na la jioni hupiga kuta fupi tu. Kuta hizo ndefu ndizo zinazopokea upepo wa kusi kuanzia Aprili na upepo wa kaskazi kuanzia Novemba au Desemba, kwa hiyo madirisha yawekwe pande zote mbili yakitazamana, na juu yake yapangwe matofali ya matundu ili hewa ya moto itokee huko. Ukuta wa nyuma ya altare, ukiwa upande wa mashariki, usiwekwe dirisha kubwa: katika Misa ya asubuhi jua huwachoma waumini machoni, na padri huonekana kama kivuli cheusi. Mwanga wa altare utoke ubavuni. Hata huko, kizingiti cha dirisha kiwe juu kuliko mishumaa, la sivyo kusi itaizima kabla ya mageuzo, pale mkate na divai vinapogeuzwa kuwa Mwili na Damu ya Kristo.

Dari ni ya lazima, si urembo, kwani mvua ya masika ikipiga bati tupu hakuna anayesikia mahubiri. Kwaya ikae ubavuni, karibu na waumini, ili iimbe pamoja nao.

Kuhusu mbao, tuna bahati ambayo hatuitumii ipasavyo. Mninga hutoa mbao pana, nzuri kwa mimbari na mabenchi. Mpingo, unaoota katika misitu ya Kilwa na Liwale, ni mzito hata huzama majini, lakini shina lake mara nyingi ni jembamba na limepindapinda. Usiagizwe kwa meza ya altare, bali kwa vinara, msalaba wa maandamano na mlango wa tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi. Wachongaji wa Kimakonde wapo, na kazi yao inastahili kutangulia sanamu za plasta zinazonunuliwa mjini. Mpelekeni mchongaji kanisani kabla hajaanza, aketi benchi la mwisho, atazame altare kutoka hapo, ndipo mkubaliane ukubwa wa msalaba na kina cha michongo, kwa maana nakshi ndogondogo hazionekani kwa aliyeketi nyuma.