Mambo ya kuzingatia kabla ya kupunguza kishungi cha kuku

Kuku mwenye kishungi kikubwa, awe wa kienyeji au wa kigeni kama Polish, hufika wakati manyoya yakamfunika macho, asione mkono unaomjia wala kivuli cha mwewe. Hata hivyo, mfugaji asikimbilie mkasi kabla ya kujiuliza kama kweli kuna haja, kwa sababu unyoya uliokatwa hauoti tena mpaka kuku apukutishe manyoya, jambo ambalo kwa kawaida hutokea mara moja kwa mwaka. Ikiwa shida ni ya muda mfupi, inatosha kukifunga kishungi kwa juu kwa mpira laini usiobana, kisha kuufungua baada ya siku chache.

Jambo linalotaka uangalifu kuliko yote ni manyoya machanga. Tenganisha kishungi kwa vidole, ukimulika kwa tochi, hadi uione ngozi: unyoya mchanga umevikwa ala nyeupe mfano wa nta, na shina lake chini huwa na weusi wa buluu kwa kuwa ndani mna damu. Huo hauguswi. Niliwahi kuukata mmoja kwa haraka, nikamrudisha kuku bandani nikidhani mambo yamekwisha. Jioni nikawakuta wenzake wamemzunguka wakimdonoa palepale penye damu. Kwa Polish hatari huwa kubwa zaidi, maana fuvu lake limeinuka kama nundu chini ya kishungi na mara nyingi mfupa wake haukufunga vizuri. Tangu hapo huweka kikopo cha wanga wa mahindi karibu, wa kukandamiza penye kuvuja, na huandaa tenga la kumtenga aliyejeruhiwa.

Wakati uo huo kagua wadudu. Mayai ya chawa hushikamana kwenye mashina ya manyoya kama chembe za sukari, na viroboto wa kuku hujinatisha kuzunguka macho. Ukiwakuta, tibu kuku wote pamoja na banda lao, kwani kukata manyoya peke yake hakuwaondoi.

Kwetu kusini mwa Uganda ni vyema kazi hii ifanyike kabla ya mvua za Machi hadi Mei, au zile za Septemba hadi Novemba, kwa sababu kishungi kilicholowa tope hugandamana juu ya macho na kuyachokoza. Chombo cha maji nacho kiwe na mdomo mwembamba. Beseni pana hulowesha kishungi kila kuku anapokunywa.

Vifaa ni vichache: mkasi mdogo wenye ncha butu, kipande cha kitenge cha kumfunga mabawa na mtu wa kumshika. Subiri jioni, kuku akiwa ametulia, kata kidogo kidogo ncha ya mkasi ikielekea mbali na jicho, na uache mara tu utakapoliona jicho lote ukiwa umesimama mbele yake.