Swali la mlangoni limalizie kwenye benchi

Ninachunga usharika wa Kilutheri upande wa Moshi, na maswali magumu hunikuta mlangoni mwa kanisa. Ibada imekwisha, nyuma yangu mzee wa kanisa ananadi mikungu ya ndizi na jogoo aliyetolewa sadaka, foleni ya kushikana mikono inasogea, halafu mtu mmoja anaushika mkono wangu na hauachii. Wewe mwinjilisti au mchungaji kijana, hapo usijibu. Nilijibu hapo kwa miaka mingi, na karibu kila mara nilijibu swali ambalo mtu hakuwa nalo.

Mpangie siku, isizidi wiki. Mimi nina benchi chini ya mparachichi nyuma ya ofisi. Ofisini kuna meza, na meza inamfanya mtu aongee kama aliyeitwa shauri.

Februari 2020, siku chache baada ya watu 20 kufa wakikanyagana kwenye mkutano wa maombi katika Uwanja wa Majengo mjini Moshi, wakigombea kukanyaga mafuta ya upako, mama mmoja anayeuza ndizi Mbuyuni aliniuliza: “Mchungaji, wale walikosa nini mbele za Mungu?” Jibu nilikuwa nalo tayari. Katika Luka 13 Yesu mwenyewe anautaja mnara wa Siloamu ulioua watu 18, na anakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Ningeweza kulisema hilo mlangoni kwa dakika moja, nikarudi kwenye mnada.

Kwenye benchi nikamwuliza, “Mama yangu, siku ile wewe ulikuwa wapi?” Akanyamaza, kisha akalia. Alikuwa amepanga kwenda na mtoto wake mwenye kifafa, akakosa nauli. Kumbe alichobeba ni hiki: je, nimemnyima mwanangu uponyaji kwa kukosa nauli? Siloamu haikumfaa sana. Kilichomfaa ni kusikia kwamba Mungu hamgojei mtoto wake getini mwa uwanja, na kwamba dawa za kifafa asiziache hata siku moja, mtu yeyote amwambie nini. Hilo la dawa nililirudia mara tatu. Kumwombea mtoto tulimwombea pia, na dawa akaendelea nazo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa anayeuliza huwa ni: “Limekujiaje?” Usiseme “kwa nini unauliza”, hilo linasikika kama polisi.

Niliwahi kuliharibu. Kijana wa kwaya aliniuliza kama anaweza kutoa zaka ya mkeka ulioshinda, yaani tiketi ya kubeti. Nikamshushia mahubiri mazima juu ya kubeti, na wenzake wanasikia. Akapotea kanisani miezi mitatu. Baadaye bibi yake ndiye aliyenieleza: kijana alikuwa amekopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kulipia matibabu yake huyo bibi, deni likazaa, akaanza kubeti ili alipe. Pesa ya ushindi ilikuwa imemchoma mkononi, akaona ampe Mungu sehemu yake ili asiadhibiwe. Bado nasema kubeti kunawala vijana wetu, na zaka ile nisingeipokea. Ila ningeanza na deni. Tungeweza kukaa na wazee tukatafuta namna ya kulipunguza kabla halijamfikisha kwenye mkeka wa pili.

Ukifika wakati wa kujibu, tenganisha vitu vitatu kwa sauti: Maandiko yanasema hivi, kanisa letu limeamua hivi, mimi naona hivi. Watu wanavumilia maoni yako wakijua ni yako. Wanachoshindwa kukisamehe ni kugundua baada ya miaka kumi kwamba ulichokiita amri ya Mungu kilikuwa desturi ya kwenu Machame.

Maswali mengine hayahitaji benchi refu. Wanandoa wakiuliza juu ya kupandikiza mimba, waulize daktari amewaeleza nini, mayai yanayobaki yatafanywa nini, kisha ujibu. Binti akisema mumewe anampiga na anauliza kama avumilie kwa sababu ya kiapo, jibu papo hapo, hata mlangoni: alale mahali salama leo. Mengine ya kiapo yatangoja.

Na ukiwa hujui, sema, “Sijui, nipe mpaka Jumatano.” Waliomtembelea Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na walianza kuharibu walipofungua vinywa. Mimi naandika swali kwenye daftari, tarehe pembeni, na Jumatano namfuata aliyeuliza hata kama ni kumwambia bado. Kuna moja la mjane, kuhusu mwanawe aliyejiua, ambalo nimemrudia mara nne. Mara ya mwisho hatukuligusa kabisa. Alinipikia kiburu, ndizi na maharage, tukala.