Somo: Tekscha nzito kwenye gemu za zamani, kwa nini gemu inakata na RAM ipo

Wenzangu, swali hili limeulizwa tena wiki hii, na wiki iliyopita, na Ramadhani nzima. Naliandika mara moja hapa, na atakayeuliza tena nitamleta hapa. Swali ni hili: "Nimeongeza RAM, nimeweka tekscha mpya, gemu inacheza vizuri halafu inajifunga yenyewe. RAM niliyouziwa mbovu?" RAM si mbovu. Usimrudie fundi wa Darajani kugombana naye.

Tekscha ni zile picha zinazovishwa juu ya kuta, magari, nguo na barabara ndani ya gemu. GTA San Andreas ya kompyuta (2005), Oblivion (2006) na Fallout: New Vegas (2010) zote ni programu za biti 32. Programu ya biti 32 haiwezi kuhesabu anwani za memori (namba za mahali data inapokaa) zaidi ya GB 4, na Windows kwa kawaida huipa nusu tu, yaani GB 2. Ndani ya GB 2 hizo inakaa programu yenyewe, sauti, ramani, sehemu ya dereva wa kadi ya picha, na nakala za tekscha. Mashine iwe na GB 4 au 32, gemu inaziona zilezile 2. Mchele stoo unaweza kuwa magunia, lakini sufuria ni ya pishi mbili.

Hatua ya 1. Nakili folda nzima ya gemu uiweke pembeni.

Hatua ya 2. Tazama dalili kabla hujagusa kitu. Ukiendesha gari ukakuta barabara haipo, majengo yanachelewa au hayatokei kabisa, lakini gemu inaendelea, umegonga mpaka wa ndani wa injini. San Andreas imejiwekea MB 50 tu za kupakia vitu vya ramani unapotembea. Ikiwa gemu inajifunga ghafla bila neno, mara nyingi unapoingia mtaa mpya, basi shuku zile GB 2. Hizi ni shida mbili na dawa zake mbili: ya kwanza iko hatua ya 6, ya pili hatua ya 4 na ya 5.

Hatua ya 3. Toa modi zote, yaani nyongeza ulizoweka juu ya gemu ya asili, zirudishe kundi moja moja, cheza kila mara.

Hatua ya 4. Punguza tekscha. Hapa ndipo watu wanapoanguka, kwa hiyo tulieni. Ukubwa wa faili kwenye diski haukwambii kitu. PNG ya MB 3 ikifunguliwa ndani ya gemu inakunjuka. Tekscha ya 4096 kwa 4096 isiyobanwa inakula bayti 4 kwa kila pikseli, jumla MB 64. Ongeza mipmapu, yaani nakala zake ndogo ndogo za kutazamwa kwa mbali, inakuwa kama MB 85. Tekscha 24 za namna hiyo zinamaliza GB 2 zote, na gemu bado haijapakia hata sauti ya mlango. Picha hiyohiyo ukiibana kwa DXT5 (DXT ni namna ya kubana tekscha za gemu) inakuwa MB 16, kwa DXT1 MB 8, kabla ya mipmapu. Ukiishusha hadi 1024 kwa DXT1, nusu MB tu. Kila unapopunguza upana na urefu kwa nusu, uzito unashuka mara nne.

Mie nakata hivi: ukuta unaojirudia 512 au 1024, gari 1024, uso wa mhusika 2048 na hapo ni mwisho, vitu vya mbali 256. Vioo vya laptopu nyingi za mtumba tulizonazo ni 1366 kwa 768. Tekscha ya 4096 kwenye kioo hicho hutaiona hata siku moja, utailipia tu. Kwa San Andreas, programu ya MagicTXD inafanya kazi hii.

Jihadharini na haya. Usibane faili lililokwisha kubanwa; DXT inapoteza ubora kila unapohifadhi upya, kwa hiyo weka asili yake ya PNG na urudi kwake. Usifute mipmapu ili kuokoa robo ya uzito. Kuta za mbali zitameremeta na kutetemeka hadi macho yaume. Vipimo viwe 256, 512, 1024, 2048, si 1000 wala 1500. Na picha ya 256 iliyovutwa hadi 4096 haikuongeza chochote ila uzito.

Hatua ya 5. Mwishowe, baada ya kupunguza, fungua mlango wa GB 4. Ndani ya faili la .exe, lile linalofungua gemu, kuna alama ndogo inayoiambia Windows kwamba programu hii inaweza kutumia anwani kubwa. Kiraka kiitwacho 4GB Patch, cha NTCore, kinaiwasha. Kwenye Windows ya biti 64 gemu itapata GB 4 kamili. Baadhi ya .exe zina ulinzi na zitakataa kufunguka zikibadilishwa. Ndiyo maana ya hatua ya 1. Skyrim ya 2011 haina haja, iliwashiwa alama hiyo kwa sasisho la Desemba mwaka huohuo.

Hatua ya 6. Kwa San Andreas peke yake: pandisha zile MB 50 kwa modi ya Open Limit Adjuster au ile ya fastman92. Mie naona MB 512 zinatosha. Ukiandika 2000 unaweza kuzila karibu nusu ya zile GB 4 wewe mwenyewe.

Hatua ya 7. Pima kwa VMMap, programu ya bure inayoonyesha memori ya gemu inavyotumika. Tazama mstari wa memori iliyo huru, na khasa kipande kikubwa kabisa kilichobaki. Gemu inaweza kuwa na MB 300 huru zilizokatika vipande vidogo, ikaomba MB 85 zilizoshikana, ikakosa, ikafa.

MASWALI

Kijana wa Mkoani: Nimefanya yote bado inakata. Nifanyeje?

Jibu: VMMap imekuonyesha nini?

Kijana wa Mkoani: Hiyo sijafanya. Na ya 4 sikufanya, nimeweka kiraka tu.

Jibu: Basi hukufanya yote. Rudi ya 4.

Mtu wa Jang'ombe: Mimi nina RAM 16, kwa nini inasema haitoshi?

Jibu: Aya ya pili.

Mtu wa Jang'ombe: Si ungejibu tu kwa wema, mwalimu.

Jibu: Nimejibu kwa wema, sheikh, na nimeandika aya nzima kwa ajili ya swali hilo hilo. Soma, kisha ukikwama mahali nambie mstari gani, nitakaa na wewe.

Binti wa Wete: Assalaam alaykum. Nimesoma yote mara mbili. Hiki sijakielewa: kadi yangu ya picha ina memori yake GB 2. Kwa nini tekscha zisikae huko, zikaacha anwani za gemu?

Jibu: Waalaykum salaam, umeuliza penyewe. Gemu hizi zinatumia Direct3D 9, njia ya Microsoft ambayo gemu huongea na kadi ya picha. Zama zile, ukitoka kwenye gemu kwa Alt na Tab, kadi ya picha ilikuwa inaweza kupoteza vyote ilivyobeba, na gemu ikirudi ilibidi ipakie upya. Kwa hiyo Microsoft wakaweka utaratibu ambao Direct3D yenyewe inashika nakala ya kila tekscha kwenye RAM, ili iirudishe bila kuisumbua gemu. Waandishi wa gemu wengi wakautumia kwa kuwa ni rahisi. Matokeo yake tekscha moja inakaa mara mbili, na nakala ya RAM inahesabiwa ndani ya GB 2 za gemu. Kadi kubwa haiondoi nakala ile.

Binti wa Wete: Na hakuna njia ya kuiondoa?

Jibu: Ipo, na nimefurahi umefika huko. DXVK. Ni faili la d3d9.dll unaloliweka pembeni mwa .exe, lile la biti 32, linatafsiri Direct3D 9 kwenda Vulkan, njia nyingine mpya zaidi ya kuongea na kadi ya picha. Kwenye gemu za biti 32 linajua kuziondoa nakala zisizotumika kwenye anwani za gemu na kuzirudisha zikihitajika. Mpangilio wake unaitwa d3d9.textureMemory, uache ulivyo. Ila kadi yako lazima iwe na Vulkan. Laptopu zenye Intel HD 4000 hazina Vulkan kwenye Windows, usipoteze bando kushusha.

Binti wa Wete: Ahsanta sana. Yangu ina Vulkan, nitajaribu usiku umeme ukitulia.

Yakhe wa Chake: Windows yangu ni 7 ya biti 32. Kiraka nimeweka, sioni tofauti.

Jibu: Hutaiona, yakhe. Kwa biti 32 alama ile haifanyi kitu mpaka Windows yenyewe iruhusiwe. Fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, andika bcdedit /set increaseuserva 3072, uwashe upya. Utapata GB 3. Ikiwa kioo kinaanza kuganda au madereva yanalalamika, irudishe kwa bcdedit /deletevalue increaseuserva, maana GB hiyo umeinyang'anya Windows.

Mpiga Picha wa Mkunazini: Nje ya mada kidogo. Natengeneza mtaa wa Mji Mkongwe ndani ya San Andreas. Milango na kuta nimezipiga mwenyewe, zote 4096. Nikizishusha si nakshi zitapotea?

Jibu: Mashaallah, kazi hiyo naisubiri. Mlango wa nakshi uache 2048, ndio watu watausogelea. Ukuta wa chokaa usiupige mzima; chukua kipande kimoja kisicho na doa la kipekee, kifanye kijirudie kwa 512, kisha weka madoa na nyufa kama tekscha ndogo tofauti juu yake. Piga asubuhi kabla jua halijaingia uchochoroni, la sivyo kivuli kitaganda ndani ya picha na gemu itaongeza chake juu. Na mwenye nyumba muombe ruhusa.

Mpiga Picha wa Mkunazini: Na mapaa ya makuti? Kingo zinatoka na utando mweupe.

Jibu: Pale panapoonekana uwazi, chini ya picha umeacha rangi nyeupe. Mipmapu zinapochanganya pikseli, weupe ule unaingia kwenye kingo. Jaza sehemu ya uwazi kwa rangi ya makuti yenyewe, kahawia iliyokauka, kisha ubane upya. Ikiwa ukingo unatosha kuwa upo au haupo, DXT1 inabeba uwazi wa namna hiyo kwa nusu ya uzito wa DXT5. Nitumie moja nijaribu kwenye mashine yangu.